Kadimiamu, zinki na shaba ndani ya mabuu wa maji baridi: matokeo yakikutatiza, anzia hapa

Umeweka kadimiamu peke yake kwenye beseni moja, kadimiamu pamoja na zinki kwenye jingine, ukawaacha mabuu wa Chironomus (wadudu wadogo warukao, wanaofanana na mbu) siku kadhaa, kisha ukapima. Namba zimerudi na hazieleweki. Au unafuatilia mto unaopita chini ya mgodi, na wadudu wa kituo chenye maji machafu kuliko vyote ndio wenye kadimiamu kidogo kuliko wote. Mwongozo huu umeandikwa kwa hali kama hizo. Tafuta dalili inayofanana na yako, halafu pitia sababu zake, zile za kawaida kwanza.

Vidudu hivi vinastahili kuhangaikiwa. Makundi yanayofunika anga la Ziwa Victoria kwa misimu ni ya jamii ya Chironomidae, ambayo Chironomus ni mmojawapo, na ya Chaoborus, wadudu wengine wanaofanana na mbu. Kabla ya kupata mabawa waliishi majini na kwenye tope, wakila kilichomo. Samaki, mbayuwayu na buibui wanawala kwa wingi, kwa hiyo metali iliyoingia kwa buu haiishii kwake.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, maana kazi nyingi nzuri huharibikia hapo. Usiandike "zinki inazuia kadimiamu" kabla hujajua metali hizo ziko wapi na ziko katika hali gani. Metali mbili zinaweza kuathiriana majini kabla hazijamgusa mdudu. Zinaweza kuathiriana kwenye utando wa seli, zinapogombania kuingia. Na zinaweza kuathiriana ndani ya mwili, zinaposhikwa na protini au kutolewa nje. Jumla ya metali mwilini, hata ikipimwa kwa mashine nzuri kiasi gani, haikuambii athari ilitokea wapi. Hilo inabidi ulitafute mwenyewe.

Dalili: kadimiamu majini ni nyingi, mwilini ni kidogo

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Anza na kalsiamu.

Ioni ya kadimiamu ina nusukipenyo cha pikomita 95 hivi, ya kalsiamu 100, na zote zina chaji mbili chanya. Seli za mdudu zinahitaji kalsiamu na zina mifereji ya kuiingiza. Kadimiamu hupita humo humo. Mwaka 1999 Craig, Hare na Tessier walionyesha kwa majaribio kwamba kadimiamu huingia kwa mabuu wa Chironomus staegeri kupitia mifereji ya kalsiamu. Sasa piga hesabu. Mikrogramu 10 za kadimiamu kwa lita ni nanomoli 89 (moli huhesabu idadi ya ioni, si uzito). Miligramu 40 za kalsiamu kwa lita, kiasi cha kawaida kwenye maji magumu, ni nanomoli milioni moja. Kila ioni moja ya kadimiamu imezungukwa na ioni zaidi ya 11,000 za kalsiamu zinazotaka njia ile ile. Ndiyo maana kiwango kile kile cha kadimiamu kikiwa kwenye mto wenye maji laini, yaani yenye kalsiamu kidogo, kinaweza kuleta mabuu wenye metali nyingi kuliko mto unaotoka kwenye mawe ya chokaa.

Pili ni asidi. Kwenye pH 7 kuna nanomoli 100 za ioni za haidrojeni kwa lita. Kwenye pH 5 kuna 10,000. Ioni hizi nazo hukalia sehemu ambazo kadimiamu ingeshika. Hapa watu wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kwamba asidi huyeyusha metali na kuzidisha hatari. Ni kweli huyeyusha zaidi, lakini ule uwezekano wa kila ioni kuingia mwilini hupungua. Mwaka 1996 Landis Hare na André Tessier walichapisha kazi kuhusu mabuu wa Chaoborus kutoka maziwa ya Quebec na Ontario, Kanada, eneo ambalo viwanda vya kuyeyushia shaba na nikeli vya Rouyn-Noranda na Sudbury vilimwaga metali hewani kwa miongo mingi. Kadimiamu ya mwilini haikutabirika vizuri kwa jumla ya kadimiamu majini. Ilitabirika walipotumia ioni huru za kadimiamu, yaani zisizoshikwa na kitu kingine majini, na kuhesabu pia ushindani wa ioni za haidrojeni. Kazi hiyo bado ndiyo ninayowashauri wanafunzi waielewe kabla ya kugusa beseni.

Tatu ni kaboni ogania iliyoyeyuka, ile inayoyapa maji ya kinamasi rangi ya chai. Hushika shaba kwa nguvu sana, kadimiamu na zinki kwa nguvu ndogo zaidi. Metali iliyoshikwa humo hupita kwenye chujio la mikromita 0.45 na mashine inaihesabu, ilhali mdudu haimwingii kirahisi.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu mdudu, pima pH, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, kloridi, salfeti, alkalini (uwezo wa maji kuzima asidi) na kaboni ogania, kisha ingiza namba hizo kwenye programu kama WHAM au Visual MINTEQ ili upate kiasi cha ioni huru. Bila hatua hiyo unalinganisha vituo viwili ambavyo havilinganishwi.

Maabara kuna sababu nyingine mbili za kuangalia. Chakula cha mwani kilichooteshwa kwenye mmumunyo wenye EDTA hubeba EDTA hiyo hadi kwenye beseni, na EDTA hufunga metali karibu zote unazozichunguza. Na kuta za chombo hunyonya metali, hasa kwenye viwango vidogo. Pima maji mwanzo na mwisho wa jaribio. Kiasi ulichokusudia kuweka si kiasi alichokutana nacho buu.

Dalili: ulipoongeza zinki, kadimiamu mwilini ilishuka

Inaonekana ni ushindani, na huenda ni ushindani kweli. Lakini jiulize kwanza zinki uliitoa wapi. Watu wengi huchota kwenye chupa ya mmumunyo sanifu wa mashine, gramu moja kwa lita, uliotengenezwa ndani ya asidi ya nitriki ya asilimia 2. Kupata mikrogramu 100 za zinki kwa lita unahitaji mililita 0.1 tu, na inaonekana si kitu. Lakini tone hilo linaleta takriban milimoli 0.03 za asidi kwa lita, na kwenye maji laini yasiyo na alkalini pH inaweza kuanguka hadi karibu 4.5. Kilichozuia kadimiamu hapo ni haidrojeni, na zinki imesingiziwa. Tumia chumvi ya zinki iliyoyeyushwa kwenye maji, au weka kiasi kile kile cha asidi kwenye mabeseni yote, halafu rekebisha pH na uipime kila siku.

Jambo la pili ni vipimo vya uzito. Mikrogramu 10 za zinki ni nanomoli 153, za kadimiamu ni 89. Ukisema umeweka "sawa kwa sawa" kwa uzito, umeweka ioni nyingi zaidi za zinki. Fanya hesabu zote kwa moli, na uandike hivyo hata kwenye lebo za chupa.

Dalili: ulipoongeza zinki, kadimiamu ilipanda

Hii inachanganya zaidi, na ina sababu nne zisizofanana hata kidogo.

Kama unatumia viashiria vyenye mnururisho, yaani metali zenye mionzi unazoweza kuzifuatilia, anza na kaunta, mashine inayohesabu mionzi hiyo. Kadimiamu-109 huhesabiwa kwenye keV 88 (keV ni kipimo cha nguvu ya mnururisho) na zinki-65 kwenye keV 1115, ndiyo maana mtu anaweza kuzifuatilia zote mbili ndani ya buu mmoja aliye hai bila kumuua. Ni njia nzuri mno. Shida ni kwamba mnururisho wa nguvu kubwa wa zinki hupoteza sehemu ya nguvu yake ndani ya kigunduzi na kuhesabiwa chini, kwenye dirisha la kadimiamu, yaani ile sehemu ya nguvu ambamo kadimiamu huhesabiwa. Ukiweka zinki zaidi, "kadimiamu" inapanda hata kama hakuna iliyoingia. Hesabu sampuli yenye zinki-65 peke yake, uone ni sehemu gani inaingia kwenye dirisha la kadimiamu, uitoe.

Sababu ya pili iko majini. Zinki nyingi, na hasa shaba, huiondoa kadimiamu kwenye kaboni ogania, kwenye chembe za tope na kwenye kuta za chombo. Ioni huru za kadimiamu zinaongezeka na mdudu anapokea zaidi. Huo ni mwingiliano halisi na mtoni una maana kubwa, ila umetokea nje ya mdudu. Uandike hivyo.

Ya tatu ni ya mwilini. Zinki, kadimiamu na shaba huchochea kutengenezwa kwa metalothionini, protini ndogo zenye salfa nyingi zinazoshika metali hizi. Buu aliyekaa kwenye zinki kwa muda anaweza kuwa na protini nyingi zaidi, na kadimiamu inayoingia ikabaki badala ya kutoka. Hili halionekani kwenye jaribio la saa chache. Kama kadimiamu inapungua ndani ya saa za mwanzo kisha inazidi baada ya wiki, una athari mbili zilizofuatana, usizichanganye kwenye wastani mmoja.

Ya nne ni ukuaji, na ndiyo inayosahaulika. Chukua mfano: mabuu wawili wenye nanogramu 2 za kadimiamu kila mmoja. Aliyekua hadi miligramu moja ya uzito mkavu ana mikrogramu 2 kwa gramu. Mwenzake aliyedumaa kwa sumu ya zinki akabaki na nusu miligramu ana mikrogramu 4 kwa gramu. Kadimiamu iliyoingia ni ile ile. Pima uzito wa kila buu na utoe matokeo kwa njia zote mbili, kwa gramu na kwa mdudu mmoja.

Dalili: shaba na zinki hazibadiliki mwilini hata ukiziongeza majini

Hizi ni metali ambazo mdudu anazihitaji, na anazidhibiti. Mabuu wa Chironomus hutoa shaba haraka. Kadimiamu haina kazi yoyote inayojulikana kwa mabuu hawa na hufuata zaidi kiasi kilichopo nje. Kwa hiyo jumla ya shaba kubaki palepale haimaanishi metali nyingine hazikugusa uingiaji wake; inawezekana uingiaji umepanda na utokaji nao umepanda. Ili kuuona mwendo huo unahitaji kiashiria: isotopu thabiti iliyokolezwa kama shaba-65, na muda mfupi wa jaribio, saa badala ya siku.

Kama shaba inaonekana kupanda bila sababu kwenye sampuli zote, angalia sodiamu. Ndani ya ICP-MS, mashine inayopima metali kwa uzito wa atomi zake, argoni 40 na sodiamu 23 huungana na kuhesabiwa kama shaba 63. Miili ya wadudu ina sodiamu nyingi. Soma pia shaba 65. Zikitofautiana, tatizo ni la mashine.

Dalili: mabuu wa beseni moja wanatofautiana sana

Hapa shika buu mmoja, umtazame kwenye darubini. Buu wa Chironomus ni mwekundu kwa hemoglobini yake, na kupitia ngozi unaona mrija mweusi unaopita urefu wote wa mwili. Huo ni utumbo uliojaa tope. Ukimsaga mzima, sehemu ya metali unayoihesabu haijawahi kuingia mwilini. Iko kwenye tope lililokuwa linapita. Aliyekula asubuhi hiyo na aliyekuwa anajibadili ngozi, ambaye huacha kula, watatoa namba mbili tofauti kabisa.

Kawaida huwekwa kwenye maji safi kwa siku moja hivi ili waondoe tope. Badilisha maji mara kadhaa, kwa sababu hula kinyesi chao na kujijaza upya. Na kumbuka kwamba siku hiyo hiyo shaba nayo inatoka mwilini, kwa hiyo kwa shaba njia hii inakupunguzia unachokitafuta.

Njia mbadala ni kupasua. Shika kwa koleo mbili za plastiki, moja nyuma kidogo ya kichwa, nyingine katikati ya mwili, uvute taratibu. Kichwa kinatoka na utumbo unafuata wote. Usiutupe. Kadimiamu nyingi ya Chironomus hukaa kwenye kuta za utumbo wa kati, kwa hiyo ukiutupa umetupa ile hasa iliyoingia. Upasue, usuuze tope, upime kuta zake kando na mwili kando.

Kisha ngozi. Mabuu wengi wa mitoni hufunikwa na oksidi za chuma na manganisi, kahawia au nyeusi, na oksidi hizo hunyonya kadimiamu, zinki na risasi. Kusuuza kwa maji matupu hakutoshi kuondoa metali iliyonata juu. Mmumunyo dhaifu wa EDTA kwa dakika chache huondoa sehemu kubwa ya ile iliyoshikwa kilegevu. Gail Krantzberg na Pamela Stokes waliandika mwaka 1988 kuhusu uzito wa jambo hili kwa Chironomidae, na jinsi pH inavyolibadilisha. Ukiwa na ngozi iliyovuliwa, ipime pekee yake. Inafundisha mengi.

Dalili: maabara inasema hivi, mto unasema vile

Uliza buu wako anapata metali kupitia nini. Majaribio mengi ya mwingiliano hufanyika kwenye maji bila chakula. Munger na Hare walionyesha mwaka 1997 kwamba Chaoborus punctipennis hupata kadimiamu yake zaidi kwa mawindo anayokula kuliko kwa maji. Kwa mdudu kama huyo, kalsiamu inayozuia uingiaji kupitia ngozi inaweza isibadilishe lolote ziwani moja kwa moja. Athari yake inapita kwanza kwa mwani na vijidudu anavyovila. Wanaokwangua utando wa mwani kwenye mawe, kama mabuu wengi wa Ephemeroptera (oda nyingine ya wadudu wa majini), nao hupata kadimiamu nyingi kwa chakula.

Halafu kuna tofauti za asili kati ya spishi. Utafiti wa David Buchwalter na wenzake, 2008, uliopitia spishi 21 za wadudu wa majini, ulikuta kasi ya kuingiza kadimiamu na kasi ya kuitoa zinafuata ukoo wa mdudu. Kwa hiyo usichukue matokeo ya Chironomus ukayavisha Hydropsyche, mdudu mwingine wa mitoni. Kwenye mto Clark Fork, Montana, uliochafuliwa na machimbo ya shaba ya Butte na mtambo wa kuyeyushia wa Anaconda, Hydropsyche ndiye anayefuatiliwa kwa miaka mingi, na sababu mojawapo ni kwamba anavumilia: ukitumia spishi inayokufa mapema, kituo kibaya kuliko vyote kitakuwa hakina mdudu wa kupimwa.

Wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wana hali yao. Shaba na kobalti huja pamoja kwenye miamba ya Katanga, na anayepima shaba peke yake anaacha sehemu ya maelezo mtoni. Tena chokaa inayotumika kusawazisha asidi ya viwanda hupandisha kalsiamu na pH kwa pamoja. Kituo kilicho karibu na mtambo kinaweza kuwa na metali nyingi na kalsiamu nyingi, na kilicho mbali kikawa na metali chache kwenye maji laini. Usishangae mabuu wa mbali wakilingana na wa karibu. Chukua sampuli kiangazi na masika, kwa sababu mvua hubadilisha vyote viwili na si kwa kiwango kimoja.

Dalili: zinki inaonekana hata kwenye sampuli tupu

Sampuli tupu ni ile isiyo na mdudu, kwa hiyo zinki hiyo imetoka kwenye vifaa: glavu zenye unga, vizibo vya mpira, bomba la shaba nyeupe, maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati. Tumia plastiki iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa, na peleka chupa tupu hadi mtoni na kurudi nayo.

Dalili: kila metali iko chini ya kiwango cha hatari, lakini mabuu wanakufa

Tenganisha kuingia na kudhuru. Shaba hudhuru hasa kwa kuvuruga uchukuaji wa sodiamu, kadimiamu kwa kuvuruga kalsiamu. Kadimiamu iliyoingia inaweza kupungua kwa sababu ya zinki na bado mabuu wakafa zaidi, kwa kuwa mzigo wa pamoja umezidi uwezo wao wa kuzifunga metali. Gawanya kiwango cha kila metali kwa kile kinachoua nusu ya mabuu katika maji yale yale, kisha jumlisha. Metali mbili, kila moja ikiwa nusu ya kiwango chake hicho, zinatoa moja kamili, na hapo vifo vinaeleweka bila kuhitaji maelezo mengine. Maneno "maji yale yale" yana uzito: kiwango kilichotolewa kwa maji magumu hakifai kwa maji laini. Hakikisha pia mabuu wa beseni lisilo na metali wako salama, kwani maji laini mno huwachosha hata bila sumu.

Ukishaondoa hayo yote

Sasa unaweza kuuliza kama kuna ushindani wa kweli kwenye utando. Chagua viwango vitano au sita vya kadimiamu, kutoka kidogo hadi kingi, na uvirudie vyote mara mbili: bila zinki, na kwa zinki isiyobadilika. Kalsiamu, pH na joto viwe sawa kila mahali, ioni huru zihesabiwe, muda uwe saa chache. Chora kasi ya kuingia dhidi ya ioni huru za kadimiamu. Kama mistari miwili iko mbali kwenye viwango vidogo na inakutana kwenye vikubwa, kadimiamu imeishinda zinki kwa wingi, na hapo neno ushindani ni halali. Kama mstari wa zinki unabaki chini hata kadimiamu ikiwa nyingi, zinki imepunguza uwezo wa utando wenyewe wa kuingiza, au imemdhuru mdudu, na inabidi uangalie kama mabuu hao bado wanajongea na kula.